Desemba Hii Tukalale Elgon

Ndugu zangu wa Busia zote mbili, wa Malaba na wa Tororo, nina ombi. Shule zikifungwa Desemba pande zote za mpaka, tukusanye vijana wetu, tukodi gari, tupande kaskazini tukalale siku chache katika msitu wa Mlima Elgon. Tukitoka huko tushuke mpaka ziwani, tulale usiku mwingine mmoja, ndipo kila mtu arudi kwake. Waende Wakenya na Waganda pamoja, kambi moja, chungu kimoja.

Ombi hili linatokana na jambo linaloniuma. Ukipanda Mwamba wa Tororo asubuhi ya anga safi, ukasimama kileleni, mita 1,483 juu ya usawa wa bahari, unaona vilima vya Samia upande wa kusini na Elgon wote umelala kaskazini, mpana hadi macho yanachoka. Watoto wetu huuona mlima huo wakienda shule na wakirudi. Wageni hushuka kwenye mabasi hapa mpakani wakiwa na mahema mgongoni, wakauliza njia ya Mbale au ya Kitale, nasi tukawaelekeza vizuri sana kwenda mahali ambapo wengi wetu hatujakanyaga. Tunajua bei ya sukari ya pande zote mbili. Tunajua foleni ya malori ya Malaba imefika wapi leo asubuhi. Tunabadilisha shilingi kwa shilingi kichwani bila kikokotoo. Msitu unaotunywesha hatuujui.

Na kweli unatunywesha. Mito ya Lwakhakha, Malaba na Malakisi huanzia kwenye miteremko ya Elgon, na Lwakhakha na Malaba ndiyo inayochora sehemu ya mpaka wenyewe. Halafu maji hayo hufanya jambo ambalo wengi hapa hawajalitambua: Malaba, mto tunaouvuka kila siku, hauendi Ziwa Victoria. Unageukia magharibi, unaingia Mto Mpologoma, unaishia Ziwa Kyoga. Inayoingia Ziwa Victoria ni Sio, unaoanzia vilima vya Bungoma, na Nzoia, unaokusanya maji ya Elgon na ya Cherangani na kuyamwaga kule Budalang'i. Kisha maji ya Victoria hutokea Jinja kwa Mto Nile, na Nile nao hupita Kyoga. Matone mawili yaliyoangukia mlima mmoja, moja likashika njia ya Malaba na jingine njia ya Nzoia, hukutana tena Kyoga yakiwa yameizunguka nchi yetu yote. Serikali zetu zinalijua hili, ndiyo maana chini ya Mpango wa Bonde la Mto Nile zilianzisha mradi wa pamoja wa mabonde ya Sio, Malaba na Malakisi. Lakini mtoto wa darasa la sita haujui mto kwa kusoma ripoti ya mradi. Anaujua siku atakapochuchumaa mahali ambapo mto ni kijito cha kuruka kwa hatua moja, akachota kwa kiganja, akaambiwa: haya ndiyo yanayopita nyuma ya nyumba yenu.

Nataka waende pamoja kwa sababu mpaka huu ni mdogo kwa umri kuliko koo zetu. Hadi 1902 himaya ya Uganda ilienea mashariki hadi Naivasha. Mwaka huo Waingereza wakalihamisha jimbo lake la mashariki na kuliingiza katika himaya ya Afrika Mashariki, ile iliyokuja kuwa Kenya, na mstari ukapita katikati ya Waiteso na katikati ya Wasamia. Mpaka leo Mteso wa Amagoro na Mteso wa Tororo wanazikana na kuoana. Huko juu mlimani ni vivyo hivyo: Wasabaot wa Kenya na Wasabiny wa Uganda ni ndugu, na Wabukusu na Wagisu kila mmoja anamwita Masaba babu. Hapa Busia ndipo zilipoanzia baiskeli za kuvusha abiria kutoka kizuizi kimoja hadi kingine, zikazaa bodaboda za Afrika Mashariki nzima. Watu waliowafundisha wenzao kuvuka hawawezi kushindwa kuvusha basi moja la vijana wenye mahema.

Tuanze na karatasi basi, kwa sababu safari nyingi za namna hii hufia hapo. Tangu Januari 2014, raia wa Kenya, Uganda na Rwanda huvuka kwa kitambulisho cha taifa. Kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa Februari 2018, kimepunguza usumbufu, maana mtu anashughulikiwa upande anaoingia tu. Tatizo ni walio chini ya miaka 18, ambao wengi wao hawana kitambulisho cha taifa. Kila mtoto awe na barua ya mzazi, nakala ya cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha shule, na kiongozi wa msafara awaone maofisa wa uhamiaji wiki kadhaa kabla, akiwa na orodha ya majina mkononi. Gari linalovuka lina karatasi zake, ikiwemo ile bima ya kadi ya njano ya COMESA. Nawasihi sana, msiwapitishe watoto njia za panya kwa sababu eti ni karibu na mnamjua askari. Mtoto akiugua ng'ambo bila rekodi ya kuingia, hospitali na polisi watauliza maswali wakati ambao kinachotakiwa ni dawa. Na anayefunzwa akiwa na miaka 12 kwamba mpaka ni wa kukwepwa atakwepa mengine pia.

Mlima nao una mpaka wake. Upande wa Kenya ni hifadhi ya taifa iliyotangazwa 1968, yenye kilomita za mraba 169, chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Upande wa Uganda ni hifadhi kubwa zaidi, kilomita za mraba 1,121, chini ya UWA, shirika la wanyamapori la Uganda. UNESCO imeziorodhesha zote mbili kuwa hifadhi za baiolojia, ya Kenya mwaka 2003 na ya Uganda 2005. Mstari wa mpaka unakatiza ndani ya kreta kubwa huko juu, kwa hiyo kupandia Endebess na kushukia Budadiri si jambo la kuamua njiani. Lazima mashirika yote mawili na uhamiaji wakubaliane nanyi mapema. Kwa safari ya kwanza nashauri msijaribu. Chagueni upande mmoja mwaka huu, na mwakani upande wa pili.

Nashauri pia mwache kilele kwa sasa. Najua vijana watasema wanataka Wagagai, mita 4,321, wapige picha. Njia ya Sasa kutoka Budadiri huchukua kama siku nne kwenda na kurudi, inaanza kwa mwinuko mkali, na kambi ya pango la Mude iko karibu mita 3,500. Hapo usiku maji yanaweza kuganda ndani ya kikombe. Mtu wa Tororo amezoea kulala bila shuka. Joto hupungua takriban nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000, na hewa nayo huwa nyepesi: kichwa kinauma, tumbo linachafuka, miguu inakataa. Anayefikia hali hiyo hana budi kushuka, hata kama zimebaki saa mbili kufika. Kundi lenye watoto wa shule linahitaji msitu wa chini, na msitu wa chini ndio wenye utajiri. Upande wa Uganda kuna kituo cha Kapkwai, karibu na maporomoko ya Sipi, chenye njia fupi za kutembea na mahali pa kupiga hema. Upande wa Kenya kuna kambi karibu na lango la Chorlim, nje kidogo ya Endebess, kwenye miti ya teki ya Elgon ambayo watu kadhaa wakishikana mikono ndipo huweza kuizunguka.

Huko Chorlim ndiko lilipo pango la Kitum. Kwa vizazi na vizazi tembo wameingia ndani yake gizani, wakipapasa njia kwa mkonga, wakachokonoa ukuta kwa pembe ili walambe chumvi. Alama za pembe zipo ukutani, na sioni darasa lolote la sayansi linaloshinda dakika tano mbele ya ukuta ule. Lakini hapa lazima niseme wazi: mapango ya Elgon yana popo, na watu wawili waliotembelea Kitum, mmoja mwaka 1980 na mwingine 1987, walipatwa na ugonjwa wa Marburg na kufariki. Mwaka 2017 ugonjwa huohuo uliwaua watu watatu wa familia moja wilayani Kween, upande wa Uganda, na wa kwanza wao alikuwa mwindaji aliyezoea sehemu zenye mapango ya popo. Kwa hiyo tazameni mkiwa na askari wa hifadhi, mkae mlangoni penye mwanga, msiguse popo wala kinyesi chao, na msiingie ndani kabisa.

Ugonjwa ninaouogopa zaidi, hata hivyo, ni ule tutakaoubeba kutoka nyumbani. Nagongera, wilayani Tororo, kabla ya upuliziaji wa dawa majumbani kuanza mwishoni mwa 2014, watafiti walikadiria kwamba mtu mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Ni kiwango cha kutisha popote duniani. Upuliziaji ulikishusha sana, lakini malaria haijatuhama. Juu mlimani mbu ni wachache, na hapo ndipo hatari inapojificha: mtoto ameumwa na mbu Tororo wiki mbili zilizopita, homa inampanda usiku wa pili kambini, na kila mtu anadhani ni baridi. Anafunikwa blanketi, anapewa chai, na saa zinapita. Homa yoyote kambini ihesabiwe kuwa malaria mpaka kipimo kikatae. Mwombeni muuguzi au mhudumu wa afya wa kijiji aandamane nanyi, awe na vipimo vya haraka na dawa mseto, na kabla ya kuondoka mjue zahanati ya karibu ni ipi na gari litafika kwa njia gani usiku. Vyandarua vifungwe katika mizigo tangu mwanzo, maana ziwani vitahitajika.

Kuhusu mvua, sisi watu wa bonde hatuna kisingizio. Tarehe 1 Machi 2010 mlima ulimeguka Bududa, kijiji cha Nametsi kikafunikwa, na mamia ya watu wakapotea. Novemba 2024 ikawa Bulambuli. Chini ya majanga hayo yote kuna mvua nyingi juu ya miteremko mikali, na pale ambapo miti imekatwa udongo hauna cha kuushika. Ndiyo maana nasema Desemba, baada ya mvua za vuli, au Januari kwa wasio na wanafunzi wa Kenya. Hata hivyo msipige hema chini ya ukingo mkali wala kando kabisa ya mto, kwa kuwa mvua inaweza kunyesha juu huku kwenu jua linawaka. Mwongozaji akisema tuhame, hameni bila mjadala.

Mwongozaji huyo awe mtu wa pale pale. Msitu huu una wenyewe. Wabenet upande wa Uganda na Waogiek wa Chepkitale upande wa Kenya waliishi humo kabla ya kuwepo hifadhi yoyote, wakaondolewa, na madai yao yamefika mahakamani katika nchi zote mbili. Kijana wa Busia akitembea siku nzima nyuma ya mzee anayejua kila gome ni dawa ya nini, atajua kwamba uhifadhi una watu waliolipa gharama yake. Lipeni ujira wa haki, na ulipeni mkononi. Chakula nacho nunueni huko: kahawa ya Bugisu, viazi, ndizi, na malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi ambayo Wagisu huyapika kwa karanga. Sisi tutachukua unga, omena na karanga za kusaga, tuwape wenyeji wetu nao waonje.

Sasa moto. Sisi ni watu wa kuni na makaa, na tumeona matokeo yake karibu kabisa na nyumbani. Msitu wa West Bugwe, ulio katika wilaya ya Busia ya Uganda, umeliwa na shoka na tanuri za mkaa hata mtu anapita kandokando yake bila kujua kwamba anapita hifadhi. Hatuwezi kupanda Elgon tukafanya yaleyale kwa jina la matembezi. Chukueni mitungi ya gesi, mitungi midogo ya kilo 6 inatosha kundi la kawaida, na pikeni kwa zamu. Kama hifadhi inaruhusu moto wa jioni, uwashwe pale palipotengwa, kwa kuni zilizonunuliwa langoni, na uzimwe kwa maji mpaka majivu yawe baridi mkononi. Desemba majani ya juu ni makavu, na cheche moja inaweza kula kilima kizima cha mianzi.

Na plastiki. Ndugu zetu wa upande wa Uganda, naomba mnisikilize hapa kwa makini. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na tangu 5 Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi ndani ya hifadhi zake: chupa za maji, sahani, vikombe, vijiko. Kaveera mliyofungia mkate Tororo ni kosa mkishavuka. Basi fungeni vitu kwa vikapu, vitambaa na mikebe, na kila mmoja awe na chupa yake ya kudumu. Upande wa Uganda sheria si kali hivyo, lakini tufanye vilevile. Takataka zote zirudi nasi garini, hata maganda ya mayai.

Kutoka mlimani tushuke ziwani. Wa Uganda wanaijua Majanji, wa Kenya wanaijua Sio Port na Port Victoria, na katikati kuna ardhioevu ya Sio-Siteko, mafunjo matupu, ambayo nchi zote mbili zinaitumia. Kwa wanaoweza kwenda mbele kidogo hadi Siaya, napendekeza Ziwa Kanyaboli ndani ya kinamasi cha Yala. Humo bado anaishi ngege wa asili, samaki ambaye karibu atoweke Ziwa Victoria baada ya sangara kupandikizwa miaka ya 1950 na 1960, na kwenye mafunjo yake kuna nzohe, swala wa majini mwenye kwato ndefu za kutembelea matopeni. Mkimwona ni bahati. Msipomwona, kunyamaza saa nzima mkimtafuta kunatosha.

Ziwani tuwe wakali kuliko mlimani. Hakuna mtoto kupanda mtumbwi bila jaketi la kuokolea, na hakuna mtumbwi baada ya saa kumi jioni upepo ukianza. Maji ya kina kifupi penye majani yana kichocho, kwa hiyo kuoga ni kwa ndoo. Hema liwekwe mbali na njia ya viboko, na mbali na maji pia. Mei 2020 ziwa lilipanda hadi kiwango ambacho hakikuonekana tangu miaka ya 1960, na watu wa Budalang'i waliohama wakiwa na magodoro kichwani watawaonyesha lilipofika. Waulizeni, wanapenda kueleza.

Fedha zitapatikana tukianza mapema. Hifadhi za Uganda zina kiwango cha chini kwa raia wa Afrika Mashariki, na wanafunzi hulipa kidogo zaidi. Upande wa Kenya ulizeni kiwango cha raia na cha makundi ya shule. Vyama vyetu vya kuweka na kukopa vinagharimia mazishi na harusi kwa moyo mmoja. Vianzishe mfuko wa kambi pia. Mawakala wa forodha, ninyi mnaojua kila ofisa wa Busia na Malaba, tusaidieni kwa karatasi za msafara. Wenyeviti wa bodaboda, toeni vijana wawili wawili waende kama wabeba mizigo na warudi kama viongozi wa safari ijayo. Makanisa na misikiti mna mahema ya mikutano na masufuria makubwa ambayo hukaa stoo wiki nzima.

Wazazi, waruhusuni mabinti. Nimeona orodha za safari kama hizi zikijaa wavulana huku wasichana wakiambiwa wabaki kusaidia nyumbani kwa sababu ni Krismasi. Ndio wanaotumwa mtoni kila asubuhi, na ndio wenye haki ya kwanza ya kuona mto unapoanzia. Chagueni walimu wa kike wa kuandamana nao, mahema yao yawe na mlezi wao, na mambo haya yaandikwe katika barua mtakayotia sahihi.

Walimu na walezi wa vilabu vya wanyamapori, msisubiri agizo kutoka makao makuu. Vilabu hivyo vilianza Kenya mwaka 1968 kwa juhudi za wanafunzi wenyewe. Andikeni majina wiki hii. Wasilianeni na ofisi ya UWA iliyo Mbale, kama kilomita 45 tu kutoka Tororo, au na KWS kwenye lango la Chorlim, muulize nafasi ya katikati ya Desemba. Mkishapewa tarehe, vukeni mpaka siku hiyohiyo mkamwambie mwalimu mwenzenu wa ng'ambo, ili watoto wake nao wahesabiwe kabla hamjakodi mahema.